Kutabiri Matatizo Baada ya Upandikizaji Uloto: Minyoo ya Strongiloidi na Mgonjwa wa Kaskazini Pemba

Upandikizaji uloto ni tiba ambayo uloto wenye maradhi huondolewa kwa dawa kali, kisha mgonjwa huwekewa seli shina zake mwenyewe zilizovunwa mapema, au za mtoaji. Nchini Tanzania huduma hii ilianza mwaka 2021 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu kwa uloto wa ndugu zao. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watoto 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka, wakiwemo wa Pemba.

Matatizo ya baadaye hufuata vipindi vinavyojulikana. Katika siku 30 za mwanzo seli nyeupe huwa chache mno, na bakteria na fangasi hupata nafasi. Hadi siku ya 100 hutawala virusi vilivyokuwa vimelala mwilini, pamoja na uloto mpya kuushambulia mwili wa mpokeaji katika ngozi, ini na utumbo. Baada ya hapo mashambulizi hayo huweza kuwa sugu. Mwenye selimundu huongezewa hatari ya degedege na damu kuvuja kwenye ubongo, ndiyo maana shinikizo la damu na idadi ya chembe sahani huangaliwa kwa karibu.

Vipimo vya kutabiri vipo. Fahirisi iliyochapishwa mwaka 2005 na Mohamed Sorror na wenzake wa Seattle hutoa alama kwa maradhi 17 aliyonayo mgonjwa kabla ya tiba. Alama 3 au zaidi ni hatari kubwa. Ipo pia hesabu ya EASIX ya mwaka 2017: kimeng'enya cha LDH huzidishwa na kreatinini, kisha jibu hugawanywa kwa chembe sahani. Hiyo inafaa sana mazingira ya hapa, kwa kuwa haidai mashine ya gharama. Kwa selimundu umri pekee hueleza mengi. Katika uchambuzi wa kimataifa wa wagonjwa 1,000 waliopewa uloto wa ndugu anayelingana nao, uliochapishwa mwaka 2017, takriban 93 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5, na watoto walifanya vizuri kuliko waliofikia miaka 16.

Takwimu zilizozaa vipimo hivyo zilitoka zaidi Ulaya na Marekani, kwa watu ambao wengi wao hawakukua wakitembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu. Mtoto wa Makangale, kaskazini mwa Pemba, hukua hivyo, kati ya mashamba na msitu wa Ngezi, na udongo huo ndio makazi ya vibuu vya strongiloidi. Kibuu hupenya ngozi ya mguu, hupita kwenye mapafu na kutulia katika utumbo mdogo. Kinachomtofautisha mnyoo huyu na safura au mchango ni kwamba huzaliana na kujiambukiza upya ndani ya mtu yuleyule, akaweza kudumu miongo kadhaa bila dalili yoyote. Kinga ikishushwa, hasa kwa stiroidi, vibuu huongezeka bila kizuizi, hutoboa utumbo na kuingiza bakteria kwenye damu, hata kwenye utando wa ubongo. Wengi wanaofikia hali hiyo hufariki.

Ugumu mkubwa uko kwenye utambuzi. Mgonjwa wa wiki ya sita baada ya kupandikizwa anayeharisha na kuumwa tumbo hudhaniwa, kwa haki kabisa, kuwa utumbo wake unashambuliwa na uloto mpya. Tiba ya shambulio hilo ni stiroidi. Ikiwa chanzo ni strongiloidi, au vyote viwili vimekutana, dawa iliyokusudiwa kumwokoa ndiyo itakayomfungulia mnyoo njia. Fahirisi ya Sorror huhesabu maambukizi yanayoendelea kutibiwa. Yaliyojificha hupata sifuri.

Kipimo cha choo kinachotumika kwenye kampeni za minyoo hakimwoni mnyoo huyu vizuri, kwa sababu kinatafuta mayai, naye hutoa vibuu. Kinachohitajika ni njia ya Baermann, ambayo ni faneli, chachi na maji ya uvuguvugu, au kuotesha choo kwenye agari. Albendazoli inayogawiwa shuleni Pemba ni dhaifu dhidi yake. Aivemektini ndiyo dawa, na si ngeni: Zanzibar iliigawa pamoja na albendazoli dhidi ya matende kuanzia mwaka 2001. Ugawaji huo huenda ulipunguza strongiloidi, lakini haumthibitishii daktari kwamba mtoto aliye mbele yake hana. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kugawa aivemektini mahali ambapo strongiloidi inafikia asilimia 5 ya watu.

Haja ya kupima strongiloidi kabla ya kupandikiza imesemwa vikaoni mara nyingi, na jibu limekuwa kwamba wagonjwa wa kupandikizwa ni wachache na bajeti ina mahitaji makubwa zaidi. Hoja ya bajeti ina uzito. Hata hivyo, faneli na vidonge vichache haviwezi kulinganishwa na gharama ya kumpandikiza mtoto kisha kumpoteza kwa mnyoo.

Inapendekezwa kila mgonjwa wa kaskazini Pemba apimwe strongiloidi kabla ya kupewa rufaa, na majibu yaandikwe kwenye cheti cha rufaa. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, ina uzoefu mrefu wa minyoo na ingefaa kuombwa kuwa kituo cha upimaji. Pasipo kipimo, mtoto wa kilo 15 au zaidi apewe aivemektini, mikrogramu 200 kwa kilo, irudiwe baada ya wiki mbili, yote kabla ya dawa za kuondoa uloto. Kichocho kipimwe pia na kutibiwa kwa prazikwanteli, maana damu kwenye mkojo baada ya saiklofosfamidi, mojawapo ya dawa za kuondoa uloto, huwa na tafsiri mbili: dawa hiyo au kichocho. Alama ya strongiloidi iongezwe kando ya fahirisi zinazotumika, na matokeo ya kila mgonjwa yawekwe kwenye rejista moja ya taifa, ili baadaye utabiri utokane na takwimu za hapa. Mgonjwa anayeharisha asipewe stiroidi kabla choo chake hakijaangaliwa kwa Baermann.

Mwisho ni safari ya kurudi. Kutoka Dodoma kwa treni, boti ya kuvuka bahari, kisha barabara ya Wete na Konde hadi Makangale, mgonjwa hufika nyumbani bado anatumia siklosporini, dawa ya kushusha kinga. Apewe kadi ya Kiswahili yenye dawa zake, majibu ya minyoo, na namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku na mchana. Kituo cha afya kipewe nakala. Kadi iagize kwamba homa ya nyuzi 38 au zaidi ni rufaa ya siku hiyohiyo, na kwamba viatu vivaliwe kila anapotoka nje, kwa kuwa udongo wa uani ni uleule.