Mashine ya Kuandika Nayo Hunywa Maji

(Maneno ya mfanyakazi wa reli kwa wanachama)



Wengi wetu sasa twaandikiwa barua na akili bandia katika simu. Si vibaya. Lakini kazi ile hufanywa mbali, katika majumba ya mitambo yanayokula umeme usiku na mchana, na mengi hupozwa kwa maji. Mei 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga jumba kama hilo Olkaria, karibu na Naivasha, litumie umeme wa mvuke wa ardhini. Umeme huo ni safi, lakini ukitumiwa ovyo umepotea.

Sisi wa reli twajua: injini ikivuta mabehewa matupu, mafuta bado huungua. Mimi mwenyewe niliiandikisha mashine barua moja ya posho mara tisa, kwa sababu sikujua nitakalo.

Basi tufanye hivi. Kwanza panga hoja zako kwa kalamu. Uliza mara moja, kwa ufupi. Makosa madogo sahihisha mwenyewe.

Mama zetu hapa huchimba mchanga wa laga wapate mtungi mmoja. Maji yao hatuyamwagi. Tusimwage na ya watu tusiowaona.