Likizo ya mtoto si adhabu ya mzazi

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Shule zinapofungwa mwezi Juni, na tena mwezi Desemba, katika miji yetu husikika sauti mbili. Watoto hushangilia, wazazi huguna. Mmoja husema, "Sasa vyombo vyangu vyote vitavunjika." Mwingine husema, "Afadhali wangefungua kesho." Na wa tatu, mwenye uwezo kidogo, hazipiti siku mbili kabla hajatafuta mwalimu wa twisheni, ili mtoto aendelee kubeba begi lile lile, alfajiri ile ile, kana kwamba shule haikufungwa.

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu swali moja ambalo sisi wazazi wa mjini hatuna budi kujiuliza: mtoto anapokuwa nyumbani kwa likizo, mikono yake ifanye nini, na sisi wenyewe tuwe wapi?

Mjini swali hili ni gumu. Uwanja waliochezea kaka zake umejengwa fremu za maduka. Barabara ina magari na bodaboda. Ndani ya nyumba kuna televisheni, na kuna simu ya mama. Basi mtoto hukaa kitako toka asubuhi hadi jioni, macho yakiwa kwenye kioo, na mzazi akirudi huambiwa kwamba leo mtoto alitulia sana. Mzazi hufurahi. Lakini, ndugu wasikilizaji, kutulia si kulelewa.

Wala mchezo wa mtoto si fadhila ambayo mkubwa huitoa akipenda. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatamka katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009, inapotaja mambo ambayo mzazi anawajibika kumpatia mtoto, imeweka mchezo na mapumziko katika orodha ile ile yenye chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Mzazi anayeona aibu mwanawe akilala na njaa, hana budi aone aibu pia mwanawe akimaliza likizo nzima bila kucheza.

Wapo watakaojibu kwamba michezo ni pesa. Nenda Kariakoo ukaulize bei ya gari la kuchezea. Ni kweli, ukiingia dukani. Lakini gari la dukani limekwisha kufikiriwa na kuundwa na watu wengine. Mtoto amebakiziwa kazi ya kulisukuma tu, na siku ya tatu kulivunja. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Raha yenyewe, pamoja na elimu yenyewe, imo katika kuunda.

Chukua mpira. Watoto wa Manzese, Temeke na Buguruni wamecheza chandimu miaka nenda miaka rudi kwa mipira waliyoifunga wenyewe. Kuna wakati kazi hiyo ilikuwa nyepesi, kwa sababu mifuko ya rambo ilizagaa kila kona: unaisokota, unaifunga kamba, mchezo unaanza. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, tarehe 1 Juni 2019, mtoto inambidi arudi kwenye ufundi wa babu yake. Katikati huwekwa kipande cha sponji ya godoro kuukuu, ili mpira udunde. Juu yake huzungushwa magazeti, kisha matambara yaliyokazwa sana, halafu vyote hutiwa ndani ya soksi iliyopotelewa na mwenzake na kufungwa kwa kamba zinazopishana kama wavu. Mtoto atagundua mwenyewe kwamba matambara yasipokazwa, mpira huwa na bonde upande mmoja, nao hauendi anakotaka. Hapo hahitaji kuchapwa ili aufungue na kuanza upya.

Chukua gari la waya. Magurudumu yake hukatwa kwenye kandambili zilizokwisha. Weka kikombe kidogo juu ya kandambili, chora mviringo, kata, kisha toboa katikati kwa msumari. Kazi yote iko kwenye neno hilo, katikati. Tundu likikosewa hata kidogo, gari litachechemea kama mtu mwenye mwiba mguuni. Mtoto aliyetafuta kitovu cha gurudumu kwa mikono yake, siku mwalimu atakapoandika ubaoni neno nusukipenyo, atakuwa amekwisha kukutana nalo, ingawa hakulijua jina. Hiyo nayo ni twisheni, ndugu wasikilizaji, na haina ada.

Kwetu sisi wa pwani, likizo ya Juni inakuja na zawadi yake, nayo ni upepo wa kusi. Chelewa mbili za ufagio zilizofungwa msalaba, karatasi ya gazeti la jana, gundi ya unga wa ngano uliokorogwa kwa maji ya moto, uzi, na mkia wa vitambaa: tiara imekamilika. Ikirushwa bila mkia itazunguka na kuanguka. Mkia ukiwa mzito mno, haitapanda. Mtoto ataongeza na kupunguza mpaka aipate mizani, na siku hiyo hutamsikia akiuliza simu iko wapi.

Na kama mvua inanyesha, lipo bao. Trei moja la mayai lina mashimo 30. Bao linataka mashimo 32, yaani safu 4 zenye mashimo 8 kila moja. Mpe mtoto trei mbili na mkasi, halafu mwache aumize kichwa. Akifikiri sawasawa, atakata kipande cha mashimo 4 kwa 4 kutoka kila trei na kuviunganisha. Kete 64 atazipata kwa kuokota kokoto, au komwe kama zinapatikana. Kisha baba akae chini amfundishe. Mwalimu Nyerere alifahamika kwa mapenzi yake ya bao. Mchezo ambao kiongozi wa nchi hakuona aibu kuucheza, baba wa Kinondoni hawezi kusema kwamba unamshushia hadhi.

Nimemtaja baba kwa makusudi. Akina baba wengi tunadhani kwamba kulipa ada kumemaliza deni letu. Tunaondoka nyumbani kabla ya jua, tunarudi usiku kwa sababu ya foleni, na mwana tunamfahamu kwa ripoti ya shule tu: wa ngapi katika wangapi. Mtoto naye anamfahamu baba kwa mambo mawili, fedha na makaripio. Likizo ndiyo nafasi ya kuvunja ukuta huo. Mtu hawezi kukaa na mwanawe saa nzima wakitafuta kwa nini gari la waya linachechemea, wasizungumze. Na katika mazungumzo hayo ndimo utakaposikia mambo ambayo ripoti ya shule haiyaandiki: nani anamwonea njiani, somo gani linamtisha, na kitu gani anakipenda kuliko vyote.

Sasa niseme jambo ambalo huenda lisiwafurahishe baadhi yetu. Katika nyumba nyingi neno likizo lina maana mbili. Kwa mvulana ni mapumziko. Kwa dada yake ni zamu: kufagia, kuosha vyombo, kufua nguo za kaka, kupika, kumbeba mdogo wao. Shule zikifunguliwa, mmoja anarudi darasani amenenepa, mwingine anarudi amechoka, halafu tunashangaa kwa nini matokeo yao hayafanani. Sisemi kwamba mtoto wa kike asijifunze kazi za nyumbani. Nasema kazi hizo zigawanywe. Kaka akiosha vyombo asubuhi, dada atapata saa yake ya kurusha tiara. Na kaka huyo huyo akijifunza kusuka na kushona kifungo, hatapungukiwa na kitu. Sheria niliyoitaja imesema mtoto, haikusema mvulana.

Katika kusuka, mwalimu mara nyingi tunaye ndani ya nyumba. Bibi aliyekuja mjini kututembelea, ambaye tumemweka mbele ya televisheni kama mgeni, anajua kuchagua ukindu, kuuchemsha katika rangi, kusuka ukili na kuushona ukawa mkeka. Asipomwachia mtu ujuzi huo, ataondoka nao. Ukindu usipopatikana, chaneni kanga kuukuu vipande virefu, msuke nyuzi tatu kama mnavyosuka nywele, kisha mzungushe suko hilo na kulishona kwa sindano na uzi. Litatoka zulia la kufutia miguu mlangoni. Kila mgeni atakayefuta miguu ataambiwa nani aliyelishona, na mwenye kazi yake atakuwa amesimama hapo akisikiliza.

Najua yupo mama ntilie anayetoka saa kumi alfajiri, na yupo mlinzi anayelala mchana kwa sababu usiku yuko lindoni. Kwao, kusema kaeni na watoto kutwa nzima ni kuwadhihaki. Lakini siku za juma zinaweza kuwa za kukusanya, na jioni moja ikawa ya kuunda. Mzazi anapotoka amwachie mtoto agizo: leo tafuta kandambili mbili zilizokwisha, kesho nyoosha waya, keshokutwa kata magazeti. Mtoto aliyeachiwa agizo ana jambo la kumngojea mzazi wake. Jumapili jioni, saa moja tu, mikono ikutane. Na katika nyumba zetu za kupanga, zenye vyumba vingi na watoto wengi, wapangaji wanaweza kupeana zamu ya kuwaangalia watoto, kama wanavyopeana zamu ya kufagia uwanja.

Tahadhari ni lazima. Wembe, kisu na msumari vishikwe na mkubwa, au mtoto avitumie mkubwa akiwa karibu. Ncha za waya zikunjwe ndani zisichome jicho. Kopo lililokuwa na dawa ya wadudu au rangi halifai kuchezewa hata likioshwa mara saba. Tiara irushwe uwanjani au ufukweni, mbali na nyaya za umeme na mbali na barabara. Ikinasa kwenye waya wa umeme, iachwe huko huko, itatengenezwa nyingine. Na manati tuyaache. Jicho la mtoto wa jirani halina spea.

Jambo jingine: mzazi asipokonye kazi. Wapo wazazi wenye bidii ambao gari likichechemea hulichukua, wakalitengeneza vizuri sana, wakamrudishia mtoto. Gari linatoka zuri, lakini ni la baba. Afadhali gari baya la mtoto, linalokwenda upande, kuliko zuri ambalo hajui lilivyoundwa. Uliza, elekeza, shikilia pale anaposhindwa kushika. Kisha ondoa mkono.

Na wale wanaodharau vitu hivi kwa kuwa ni mabaki, wamkumbuke Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam kutafuta riziki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora juu ya vipande vya ubao wa bei nafuu, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, akiwa ameifanya kazi hiyo miaka michache tu, lakini mtindo wenye jina lake unajulikana duniani kote. Sisemi kila mtoto atakuwa Tingatinga. Nasema kwamba Tingatinga hakungoja anunuliwe vifaa vya wachoraji wa Ulaya.

Nimalize kwa kazi moja ambayo haihitaji hata waya. Shule zinapofungwa, kila daftari la mtoto lina kurasa zilizobaki. Zichaneni, mzishone pamoja, mziwekee jalada la karatasi ya kaki. Humo mtoto aandike majina ya babu na bibi zake wa pande zote mbili, walikozaliwa, vitendawili wanavyovijua, na hadithi moja kutoka kwa kila mmoja wao. Kama wako mbali, siku moja simu ya mama itumike kwa kazi hiyo. Asiyeweza kuandika achore. Likizo ikiisha, nyumba itakuwa na kitabu ambacho hakiuzwi katika duka lolote, na ambacho miaka ishirini ijayo hakuna mtu atakayekubali kukitupa.

Ndugu wasikilizaji, likizo ni fupi, na utoto ni mfupi zaidi. Samaki mkunje angali mbichi. Tafuteni kandambili, magazeti na uzi, mkae chini na watoto wenu.

Nawatakia likizo njema.