Raha ya Wikendi, Mkomani

Wanachuo mnaotusikiliza, wikendi ufuo wa Nyali hapa Mkomani hujaa, na raha hiyo ni haki yenu. Lakini kabla ya kuingia majini, ulizeni habari za mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa yaweza kupita mita 3, na mikondo huwa na nguvu. Mkondo ukikuchukua usishindane nao. Elea, ita msaada, kisha ogelea sambamba na ufuo mpaka ukuachie. Aliyelewa asiingie baharini kabisa; mwenzake amshike mkono amzuie.

Kinywaji chako kifunguliwe mbele ya macho yako. Mei 2014, pombe yenye sumu ya methanoli iliua makumi ya Wakenya na kupofusha wengine. Rafiki akisema haoni vizuri, mkimbizeni hospitali, msimwache alale.

Na jamani, aliyebakwa hana kosa lolote. Asioge kwanza. Aende Hospitali Kuu ya Pwani mapema, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Nambari 1195 ya msaada kwa waliodhulumiwa hupigwa bure, usiku na mchana.