Safari Yetu ya Kilwa na Unguja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na Wakristo wa mitaa yote)



Tumeagizwa tuwape habari za safari yetu ya pwani na kisiwani, sisi walimu wanane tuliotoka Masasi kwa ajili ya jubilei. Twakiri kwanza kwamba tulikwenda kwa kutaka kutazama tu. Sisi ni watu wa bara; tulitamani kuiona bahari, na vyombo vyake, na majumba ya mawe. Hayo yote tuliyaona, nasi twashukuru. Lakini tumerudi na jambo jingine, nalo ndilo linalotusimamisha mbele yenu leo.

Tulishuka Lindi kwa gari kwa siku moja. Jioni tukasimama ufukoni, maji yamekupwa, na wanawake wakitafuta pweza miambani. Hapo ndipo mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliposhuka chomboni kutoka Unguja, pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akapanda nao bara kwa miguu. Nia yao ilikuwa kufika nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi waliiona nchi kuwa njema, wakakaa. Hao ndio waliotuanzishia Kanisa, hata mwaka 1926 tukawa dayosisi. Basi tulifahamu kwamba sisi twafuata nyayo zao kinyume: wao walitoka Unguja kuja kwetu, na sisi twatoka kwetu kwenda Unguja.

Kutoka Lindi tulikwenda Kilwa. Kwa mashua tukavuka mpaka Kilwa Kisiwani, tukauona Msikiti Mkuu na kuba zake za matumbawe, na Husuni Kubwa juu ya genge la bahari. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa watu wake, mpaka Wareno walipoupiga mji mwaka 1505. Sasa upepo waingia milangoni bila hodi. Tulistaajabu sana, maana tulizoea kudhani kwamba majengo makuu ni ya nchi za mbali.

Siku ya pili tulikwenda Kilwa Kivinje, mji mtulivu wenye mikoko na tope pwani. Tukamwamkia mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu. Akatuuliza, "Mwatoka wapi, wanangu?" Tukajibu, "Masasi, Mzee." Akanyamaza kitambo, akasema, "Basi njia yenu ya zamani iliishia hapa." Nasi tukaelewa. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka upande wa Nyasa ilifika hapo, na watu wakapakiwa majahazini kupelekwa Unguja. Njia tuliyoipita tumekaa vitini, wao waliipita wamefungwa shingo.

Tukaendelea mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko chombo kilituvusha mpaka Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Tulitembea katika vichochoro vyembamba, tukatazama milango ya nakshi, hata tukafika Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi la Kanisa Kuu likawekwa. Askofu Steere amezikwa nyuma ya altare. Wenyeji walituonyesha nguzo zilizosimikwa kichwa chini, wakasema mafundi walikosea Askofu alipokuwa hayupo, naye akaziacha vivyo hivyo. Tukacheka.

Lakini tulipotoka nje, kicheko kilikwisha. Uwanjani mna shimo, na ndani yake sanamu za watu watano, na minyororo shingoni. Tulisimama kimya. Ndipo mwenzetu mmoja, mwalimu aliyetupita sote kwa umri, akasema kwa sauti ndogo: "Bibi yangu alinisimulia kwamba katika ukoo wetu wamo waliouzwa, na wamo waliouza. Miaka thelathini nimewafundisha watoto habari ya wale wa kwanza tu."

Ndugu, neno hilo lilituchoma sote. Ni kweli wafanya biashara walitoka pwani, na waliowanunua watu walikuwa wa mataifa mengi. Lakini njia ya kwenda Kivinje ilianzia milangoni petu, na wengine wa wazee wetu waliifungua wenyewe, kwa njaa, au kwa vita, au kwa tamaa ya nguo na bunduki. Na hata leo, watu wakigombana kisimani au penye posa, husikika mtu akinong'ona, "Wale ni uzao wa watumwa." Twalisema neno hilo sisi, ambao Kanisa letu lilianzishwa na watu waliotoka utumwani!

Basi twawaomba mambo mawili. Ninyi walimu, wafundisheni watoto habari yote, ya waliouzwa na ya waliouza, pasipo kuficha. Nanyi wazazi, neno lile lisisikiwe tena nyumbani mwenu. Mawe ya Kilwa na ya Unguja tumeyaona, ni mazuri. Lakini wale waliopanda kutoka Lindi hawakuja na mawe; walikuja na miguu yao tu, nao ndio wazee wetu. Tusiwaonee haya.