Kutoa damu ya mwezi mu nguo na mu shuka: maneno ya komite ya bamama

Haya ni maneno yaliyosomwa na komite ya bamama mbele ya mkutano wa wanamemba, hapa Kakontwe.



Leo hatuongee ada ya chama wala mashamba. Tunaongea damu ya mwezi. Tunaona bababa wengine wanaanza kuangalia mlango. Mubaki, baba. Shuka ni ya nyumba yote, na franga ya kununua ingine inatoka mu mfuko wa nyumba yote.

Tulipozunguka mu nyumba kuangalia vile vitu tulivyogawanya vinatumika, tulikuta shuka zingali na nguvu lakini zimekatwa kuwa matambara. Sababu ni alama ya damu, basi. Tulikuta tena binti mmoja anayebaki nyumbani siku 4 kila mwezi. Haumwi tumbo. Ana jipe moja tu ya bluu ya masomo, na iko na alama. Mwaka wa masomo ni kama miezi 10. Muhesabu pamoja nasi: siku 40 zinapotea juu ya jipe moja. Njo maana tunasema mbele ya watu wote.

Kitu cha kwanza: maji ya baridi. Kila mara ya baridi. Damu ni kama weupe wa yai. Ukitia yai mu maji ya moto linaganda, na damu vilevile inaiva ndani ya nyuzi na kushika kabisa. Wengi wetu tulifundishwa kuchemsha nguo chafu. Kwa damu, usianzie kule.

Damu ikiwa bado mbichi, geuza nguo na upitishe maji ya baridi kwa upande wa nyuma, ili damu itoke kule ilikoingilia. Halafu tia nguo mu beseni ya maji ya baridi na chumvi, kijiko kikubwa kimoja kwa litre moja, nusu saa. Pakaa sabuni ya kipande juu ya alama yenyewe, sugua kitambaa kwa kitambaa, suuza. Alama ya zamani, iliyokauka, ilale mu maji ya chumvi usiku mzima, na asubuhi umwage maji, utie mengine.

Mbele ya kuanika, angalia vizuri. Kama alama ingali, rudilia. Usipige fero juu ya alama: moto wa fero unafanya kazi moja na maji ya moto.

Kwa nguo nyeupe kuna ile dawa ya farmasi, eau oxygénée ya volimu 10, ile wanasafisha nayo vidonda. Tia kidogo juu ya alama. Itatoa povu, sababu damu inaipasua na hewa inatoka. Povu likiisha, suuza na maji ya baridi. Kwa kikwembe cha rangi, jaribu kwanza mu pindo, inaweza kufuta rangi. Chupa ikae mahali pa giza, mwangaza unaiharibu.

Kukibaki umanjano kidogo, ile ni chuma iliyo mu damu, ndugu ya kutu. Kwa kitambaa cheupe, kamulia ndimu na chumvi, weka mu jua, halafu suuza sana.

Javeli je? Wengi wanaikimbilia. Javeli haitangulii. Inakula nyuzi za pamba, na juu ya damu inaweza kuacha alama ya manjano ngumu zaidi. Itumike kidogo, mu maji mengi, kwa nguo nyeupe ambayo damu imekwisha kutoka. Na hili mulishike wote, hata bababa: Javeli haichanganywi hata siku moja na ndimu, siki ao mikojo. Inatoa hewa ya sumu, inakata pumzi. Kama ulitia ndimu, suuza mpaka iishe kabisa.

Sasa habari ya maji yetu. Kakontwe iko juu ya mawe ya shokaa, kila mtu anajua kariere. Maji ya kisima yanayopita mu mawe ya namna hiyo yanabeba shokaa: njo ile ukoko mweupe mu sufuria. Mu maji kama hayo sabuni haitoe povu vizuri, inakuwa kama maziwa yaliyoganda na kushikana na nguo. Kwa hiyo sabuni ipakwe juu ya alama moja kwa moja, usiitafute povu mu beseni. Wakati wa mvua, muchunge maji ya bati kwa kufula. Yale hayana shokaa.

Matela ya musi usiimwagie maji, hayatoki tena. Gusagusa na kitambaa cha maji ya baridi. Chumvi na maji kidogo, ikiwa nzito kama bukari, pakaa, acha ikauke, pangusa, rudilia. Halafu jua, pande zote mbili.

Na vitambaa vya mwezi vyenyewe: muvifule hivyohivyo na muvianike mu jua mpaka vikauke kabisa. Tumeona vinafichwa chini ya kitanda vikiwa na unyevu. Kule vinaota uchafu unaoleta mwasho na ugonjwa. Kama kuna haya, funika na kikwembe chepesi juu ya kamba. Anayefulia mgonjwa, na yuko na kidonda ku mkono, avae gants ao sashe.

Wafazili wetu, mara ingine mukitaka kununua shuka, mutuletee za rangi nzito. Mwongeze beseni moja ya pekee kwa kila nyumba yenye binti, sabuni ya kipande, na plastiki ya kutandika juu ya matela. Ni vitu vya bei ndogo, vinalinda vile vya bei kubwa. Na jipe ya pili kwa kila binti wa masomo ipite mbele ya vyote.

Bababa, ninyi tunawaomba jambo moja: binti akiomba franga ya sabuni, asiulizwe ya nini.

Mwenye ulizo aulize sasa, na asiyeweza kuuliza mbele ya watu atukute nyuma ya mkutano.