Vijana Waongozwe Njia za Kuingia Chuo Kikuu



Nimeombwa nizungumze juu ya aina za masomo ya shahada ya kwanza na namna ya kuyaomba. Wengi huliona jambo hili kuwa ni kazi ya kujaza fomu tu. Mimi naliona kuwa ni suala la haki. Kijana mwenye kaka aliyekwisha kupita chuoni hujua la kufanya. Mtoto wa mkulima aliyefaulu sawa naye hana wa kumwuliza ila mwalimu wake na mtendaji wa kijiji.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilimtaka kijana aliyemaliza kidato cha 6 afanye kazi kwanza, ndipo aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya Chama. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake nao uliachwa. Hata hivyo walikuwapo watu wazima waliowajibika kumjua mwombaji. Leo kijana hulikabili dirisha la maombi peke yake, mara nyingi katika duka la intaneti, akiongozwa na mwenye duka anayelipwa kwa fomu wala si kwa ushauri.

Shahada nyingi, kama zile za sanaa, ualimu na biashara, huchukua miaka 3. Uhandisi ni miaka 4, na sheria pale Mlimani ni miaka 4 vilevile. Udaktari wa binadamu ni miaka 5, tena upo mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Mzazi asipoelezwa mapema huanza kunung'unika mwaka wa 4 kwamba mwanawe hamalizi.

Mhitimu wa kidato cha 6 hutakiwa kwa jumla awe amefaulu masomo makuu 2 yanayohusiana na shahada anayoiomba, kwa pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni 1. Lakini kila shahada ina masharti yake, na hapo ndipo penye msiba. Mwanafunzi aliyesoma Kemia, Baiolojia na Jiografia, hata akipata A zote tatu, hawezi kutoka kidato cha 6 moja kwa moja kwenda kusomea udaktari, kwa kuwa hana Fizikia. Kwa hiyo maombi ya chuo kikuu, kwa kweli, huanza kidato cha 4, siku mwanafunzi anapochagua tahasusi. Tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezeka sana. Mwalimu asimjibu mtoto kwa mazoea ya zamani. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa mwongozo kila mwaka, na sioni udhuru wa shule ya sekondari kukosa nakula yake.

Njia ya pili ni ya wenye stashahada, nayo inawahusu wengi waliomo humu. Kwa kawaida hutakiwa wastani usiopungua 3.0, pamoja na namba ya uhakiki wa stashahada kutoka baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Asiyeweza kuacha kazi anacho Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Wako wanaokidharau. Wangefaa kwanza kujaribu kusoma usiku baada ya kusahihisha madaftari ya madarasa mawili.

Mkopo ni maombi mengine kabisa. Kupata nafasi chuoni si kupata fedha za Bodi ya Mikopo. Bodi hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na jina likitofautiana na lile la cheti cha mtihani, kazi ya kulisahihisha hula wiki nzima. Hutakiwa pia saini ya kiongozi wa mtaa au kijiji. Mtumishi anayemwambia kijana "njoo kesho", na kesho yake akasafiri, huenda amemfungia chuo mtoto yatima.

Nimalizie na uthibitisho. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa Tume. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi kwa vyuo vyenyewe, na anaweza kuchaguliwa na zaidi ya kimoja. Hapo hana budi athibitishe chuo kimoja kabla ya siku ya mwisho, kwa namba ya siri anayotumiwa kwa simu. Kijana aliyeandikisha simu ya kuazima, au ya mwenye duka, huenda asiione namba hiyo kamwe. Basi walimu wa kidato cha 6, kabla wanafunzi hawajatawanyika, hakikisheni kila mmoja anayo simu atakayopatikana nayo hadi vyuo vifunguliwe, nanyi mbaki na orodha ya namba hizo.