Hotuba ya Mwenyekiti: Taa Ikizimika, Deni Halizimiki



Kikundi chetu kilianza mwaka 2014, akina mama 22 chini ya mti, na sanduku moja la kufuli tatu. Wengi walitucheka, eti wanawake wakikaa pamoja ni majungu tu. Leo tumetimiza miaka kumi. Sanduku lipo, na funguo zote tatu zipo.

Hesabu atasoma Katibu. Sisi tumeombwa tuseme habari ya sola, maana leo mapaa 11 ya wanachama wetu yana paneli, na wageni wanaopita hapa usiku huuliza. Jamani, jambo hili lilianza kwa hasara, na hasara yenyewe ilikuwa ya nyumba ya mwenyekiti wenu. Tumeona isemwe wazi na iandikwe kwenye kijitabu hiki, watoto wetu waisome.

Mwaka 2017 sisi nyumbani tulikuwa tumechoka na koroboi. Moshi unaingia machoni, mjukuu anasoma huku anakohoa, na kuchaji simu mpaka uende senta ukalipe. Mwezi Julai tukakopa kikundini shilingi 450,000, na faida yake asilimia 10, jumla 495,000, kulipa kwa miezi 12. Fundi mmoja alikuja kwa pikipiki kutoka mjini. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya wengine wote, nasi tukafurahi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini siku hiyo tulikuwa tumewasahau wahenga.

Alifanya kazi masaa mawili tu. Paneli aliiweka upande wa paa uliokuwa mwepisi kupanda, karibu na mwarobaini. Hakuuliza tutatumia taa ngapi. Redio na televisheni alizifunga moja kwa moja kwenye betri. Kuhusu risiti alisema, "Mama, nitaleta kesho." Kesho hiyo mpaka leo hatujaiona.

Jioni taa ziliwaka na majirani walikuja kushangaa. Tulikaa na furaha mpaka Desemba. Mvua ya kwanza ikapita kwenye matundu ya misumari aliyopigilia bila kuziba, na mzee akahamisha kitanda mara tatu usiku mmoja. Machi 2018 betri ikafa kabisa. Tukarudi kwenye koroboi, na deni limebaki 165,000.

Ndugu wanakikundi, hapo ndipo palikuwa pagumu. Nyumbani mzee alisema tusilipe mpaka fundi apatikane. Katika kikao wengine wakaanza kunong'ona kwamba sola ni utapeli, isikopewe tena hata shilingi. Nasi kwa aibu tukasimama kuomba tusamehewe marejesho ya miezi mitatu. Watu wakanyamaza, maana ni vigumu kumnyima mwenyekiti. Ndipo akasimama mwenzetu mmoja, mjane, mwenye hisa chache kuliko wote. Akasema, "Mama Mwenyekiti, mwaka jana kuku wangu waliisha kwa kideri. Mlinipa pole, na deni nililipa. Na wewe tunakupa pole." Akakaa.

Basi, hapakuwa na la kujibu. Tuliuza mbuzi wawili, tukalipa 165,000 yote. Tunapenda kumshukuru mama huyo leo mbele ya watu wote. Kama siku ile tungesamehewe, kikao kinachofuata kila mtu angekuja na sababu yake, na sanduku lingebaki na kufuli tu.

Baada ya kuvuna alizeti tulitafuta fundi mwingine, tukamwambia aseme yote kwa sauti, sisi tusikie. Huyu hakupanda paa kwanza. Alizunguka nyumba akatazama vivuli asubuhi, mchana na jioni. Alisema kivuli kikifunika sehemu ndogo tu ya paneli, umeme wa paneli nzima unaweza kushuka sana. Alisema sisi wa Singida tuko kusini ya Ikweta, kwa hiyo paneli ielekee kaskazini, na iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi. Aliikaza kwa bolti kwenye mbao za paa, maana upepo wa huku tunaujua sote, akaziba kila tundu. Aliacha nafasi ya kiganja kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Kumbe paneli inapenda mwanga, haipendi joto. Ikichemka inatoa umeme kidogo.

Kisha akatupigisha hesabu. Taa tano za wati 5 kwa masaa matano ni 125. Televisheni ndogo ya wati 20 kwa masaa manne ni 80. Redio ya wati 10 kwa masaa sita ni 60. Simu tukaziwekea 15. Jumla 280 kwa siku. Betri ya volti 12 na ampea 100 inabeba 1,200, lakini mwisho wa kuila ni nusu, yaani 600. Kwa hiyo mawingu yakikaa siku mbili bado tunaona. Ile betri ya kwanza ilikuwa ya gari, nayo kazi yake ni kuwasha injini, si kukamuliwa kila usiku. Na kilichotakiwa kuizuia isikamuliwe ni kile kidhibiti cha chaji ambacho fundi wa kwanza alikiruka.

Tulielewa upesi, maana ni sanduku letu lile lile. Paneli ni hisa zinazoingia, taa ni mikopo inayotoka. Ukikopesha mpaka chini, kikundi kinakufa.

Tangu hapo, anayekopa kwa ajili ya sola anafuata masharti haya. Kwanza, alete hesabu ya matumizi yake kwenye kikao. Pili, fundi alipwe nusu, na nusu nyingine baada ya wiki mbili taa zikiwaka. Tatu, risiti na dhamana zikae sandukuni. Nne, wanachama wawili wasimame pale siku ya kazi. Tano, kila wiki atenge shilingi 1,500 za betri ijayo, kwa sababu betri huzeeka. Betri yetu ya pili ilidumu mpaka 2023, na nyingine tuliinunua kwa akiba hiyo, bila mkopo.

Nyumba 11 zimepita njia hii, na hakuna mkopo wa sola uliopotea.

Ndugu Mgeni Rasmi, bado tuna upungufu. Wenzetu 11 hawajapata, na wengi wao ni wajane na wazee. Aidha, kila waya ukilegea tunamngoja fundi wa mjini. Tunao mabinti wawili waliomaliza kidato cha nne na wanataka kusomea umeme chuo cha ufundi. Kikundi kimetenga nusu ya ada. Tunakuomba utusaidie kupata nusu iliyobaki, ili fundi wa mapaa yetu awe mtoto wetu, ambaye akisema kesho tunajua nyumba yao ilipo.

Akina mama hoyee! Akiba hoyee!